Giligilani ya Kupanda na Giligilani ya Kula

Mkasi wa kitambaa haukati karatasi. Hii ni sheria ya kila fundi cherehani, na Fundi alikuwa ameitangaza nyumbani kwake kwa miaka thelathini na moja. Karatasi hula makali. Mkasi ukishazoea karatasi, kitambaa haukikati tena, unakitafuna kama mbuzi. Watoto wote waliijua sheria hiyo tangu wadogo. Mume wake peke yake ndiye hakuijua, au aliijua na kuisahau makusudi.

Asubuhi ile Fundi alikuwa na gauni la kumaliza. Lilikuwa la jirani yao, mwanamke aliyefanya kazi ya kuwashauri wakulima. Mtaa mzima ulimwita Bibi Shamba. Zipu ilikuwa imekaa vizuri na mabega yameshonwa. Kilichobaki kilikuwa pindo la chini. Fundi akaushika mkasi wake ili apunguze kitambaa kidogo. Ukatafuna. Akausogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaona vumbi jekundu kwenye makali, na kipande cha karatasi ya kung'aa kimenasa.

"Baba watoto," aliita bila kupandisha sauti. "Mkasi wangu umekata nini?"

"Pakiti ya mbegu," mume wake alijibu kutoka uani. "Mara moja tu."

"Na jikoni kuna visu vingapi?"

"Kisu huteleza. Kinaweza kumkata mtu."

Fundi alifumba macho, akahesabu ili hasira ishuke. Alipofika saba aliona hesabu haimsaidii, akayafumbua.

Mume wake alikuwa karani wa ghala mpaka alipostaafu. Mtaani walimwita Mtaalamu, na yeye alidhani wanamsifu. Bomba likivuja, anajua. Jino likimuuma mtu, anajua. Mtoto wa jirani akifeli hesabu, Mtaalamu anajua ni kwa nini, na atakueleza hata kama umeshika ndoo ya maji kichwani. Kuuliza, kwake, kulikuwa kazi ya watu wasiojua. Na mwaka huu, jamani, alikuwa ameingia kwenye kilimo.

Sababu ilikuwa binti yao.

Binti alikuwa amerudi kwao kutunzwa. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mimba mbili za kwanza ziliharibika, na hii ya tatu nyumba nzima ilikuwa inaibeba pamoja naye. Mume wa Binti alifanya kazi mbali, akipiga simu asubuhi na jioni kuuliza swali lilelile: "Amekula?"

Maana tatizo lilikuwa chakula. Kichefuchefu cha mimba kwa wengi huisha mapema. Cha Binti kiligoma kuondoka. Wali ukiiva, anatapika. Samaki akikaangwa nyumba ya tatu, anatapika. Kliniki walimpima uzito mara mbili, na mara zote mbili mshale ulikuwa umeshuka. Muuguzi alimwita Fundi pembeni.

"Mama, huyu lazima ale," alisema. "Tafuta chochote kinachokaa tumboni. Mpe kidogo kidogo, lakini mara nyingi."

Fundi alijaribu kila kitu. Kilichokaa kilikuwa kimoja tu: supu ya dengu yenye giligilani iliyosagwa, na juu yake majani mabichi ya kotmiri yaliyokatwakatwa. Harufu ile ndiyo iliyomfungua. Siku ya kwanza Binti alimaliza bakuli zima, akaomba jingine. Mtaalamu alisimama mlangoni akimtazama binti yake akila. Akageuka haraka, akaenda uani peke yake. Aliporudi alikuwa na ndoo nne kuukuu.

"Majani ya sokoni yamenyauka," alisema. "Kuanzia leo kotmiri ya mtoto huyu nitaipanda mimi."

Nani angemkatalia? Hata Fundi macho yalimlowa. Lakini machozi yale yalikauka upesi, kwa sababu balaa lilianza kesho yake.

Bibi Shamba alipoziona zile ndoo alimwambia vizuri kabisa, "Mzee, ukikwama niulize tu, ndiyo kazi yangu."

"Mbegu ni mbegu," Mtaalamu alimjibu. "Unafukia, unamwagilia."

Mara ya kwanza alichota giligilani kwenye kopo la jikoni, akafukia. Akamwagilia asubuhi na jioni, siku kumi na mbili. Hakikuota kitu. Fundi alikuja kujua siku alipoona kopo lake limepungua.

"Ulichota kwenye kopo la bluu?"

"Ndiyo. Zilikuwa nzuri, kavu kabisa."

"Lazima ziwe kavu, mume wangu. Nilizikaanga mwezi uliopita." Fundi alishika kiuno. "Siku kumi na mbili unamwagilia mbegu zilizokaangwa."

Mtaalamu alifikiri kidogo. "Ungeandika kwenye kopo," alisema. Na kosa likawa la Fundi. Jioni ile aliandika vibandiko kwa mwandiko wake mzuri wa kikarani, akavibandika kwenye makopo yote ya jikoni. Hata kopo la chumvi, ambalo kipofu angelijua, liliandikwa CHUMVI.

Mara ya pili alinunua giligilani mbichi sokoni. Hizi ziliota, tena kwa wingi, kwenye sinia. Mtaalamu akazing'oa, akazihamishia kwenye ndoo kwa mistari iliyonyooka. Wiki mbili baadaye miche ilirefuka ghafla. Majani yakawa membamba kama uzi, juu yakatoka maua meupe, kisha kila kitu kikanyauka. Bibi Shamba alipita, akatazama, akafungua mdomo kusema. Mtaalamu alimtangulia. "Udongo mbovu," alisema. Bibi Shamba akaufunga mdomo wake, akaenda zake.

Mara ya tatu ndiyo hii. Alikwenda kwenye duka la pembejeo, akanunua pakiti kubwa ya mbegu. Akaifungua kwa mkasi wa mke wake, kama tulivyokwishaona.

*

Fundi alinoa mkasi, akarudi kwenye gauni. Supu ya Binti ilikuwa tayari jikoni. Alikuwa ameitengeneza mapema, kabla hajakaa kwenye mashine. Alikaanga giligilani, akaitwanga kwenye kinu, akaitia sufuriani. Harufu yake leo haikumpendeza. Alihisi kitu kama sabuni, na kama dawa ya wadudu kwa mbali. Viganja navyo vilibaki na wekundu. Lakini fundi cherehani vidole vyake vina chaki siku zote, nyekundu leo, bluu kesho. Alivipangusa kwenye kanga, akaendelea.

"Hodi," Bibi Shamba alibisha. "Shikamoo, Fundi. Gauni langu limeiva?"

"Marahaba, karibu. Bado pindo. Vaa tulipime."

Bibi Shamba alivaa, akasimama juu ya kibao mbele ya kioo. Fundi alipiga magoti, pini nne zikiwa mdomoni, akaanza kukunja pindo. Akaona bora amweleze mtu hasira zake, kwa hiyo akasema kupitia kwenye pini, "Baba watoto ameniharibia mkasi. Kafungulia pakiti ya mbegu."

"Mbegu gani tena?"

"Giligilani. Za dukani safari hii. Tazama huo mkasi, vumbi jekundu mpaka kwenye msumari wake."

Bibi Shamba alitazama mkasi mezani. Kisha akageuza kichwa kuelekea uani. "Mzee," aliita. "Mbegu ulizonunua zilikuwa na rangi?"

Mtaalamu aliingia akijifuta udongo mikononi. Alipenda kuulizwa. "Nyekundu sana," alisema. "Sijui kwa nini wanazipaka. Nimepanda ndoo nne, zikabaki nyingi. Ghalani kwetu bakaa haitupwi. Bakaa hurudi rafuni. Kwa hiyo zilizobaki nimeziosha."

"Umeziosha ili iweje?"

"Ili ziliwe. Mara tatu, kwa sabuni. Nikazianika mpaka zikakauka. Zipo kwenye kopo lake, la giligilani."

Fundi alizitoa pini mdomoni, moja moja. "Kopo lipi?"

"Lile la bluu. Jana nimelijaza. Hukuona?"

Fundi alikuwa ameshainuka. Bibi Shamba naye aliruka kutoka kwenye kibao, pindo likiwa limeshikwa upande mmoja tu, wakakimbilia jikoni wote wawili.

Binti alikuwa ameketi mezani. Bakuli lilikuwa mbele yake. Kijiko kilikuwa mkononi, kimejaa, na alikuwa anakipuliza.

Fundi alikishika kile kijiko pamoja na mkono wenyewe.

"Umekula?"

"Bado, mama. Ni ya moto."

"Hata kidogo? Hata kulamba?"

"Hata kulamba. Mbona unaniumiza mkono?"

Fundi aliuachia. Akakaa kwenye ndoo ya maji iliyofunikwa. Bibi Shamba alilichukua bakuli, akaimimina supu yake kwenye sufuria, akaifunika sufuria na kuiweka juu ya kabati. Binti alitazama chakula kikiondoka, akaanza kulia. Tangu juzi hakuwa amesikia njaa, na leo alikuwa ameisikia.

"Nitakupikia nyingine," Fundi alisema. "Nitakupikia sasa hivi, mwanangu, tulia."

Mtaalamu alifika mlangoni akiwa wa mwisho. "Kuna nini?" aliuliza. "Mbona mnakimbia ndani ya nyumba?"

"Mzee," Bibi Shamba alisema, na sauti yake ilikuwa nzito, "ile rangi nyekundu ni alama ya hatari. Mbegu za kupanda mara nyingi hutiwa sumu ya kuua wadudu na kuvu, ili zisiharibike ardhini. Kiwandani wanatia na rangi kali, makusudi, ili mtu akiziona ajue si chakula."

"Ndiyo maana nikaziosha."

"Haioshiki. Umetoa rangi, sumu imebaki. Imeingia mpaka ndani ya ganda. Sasa umezifanya hatari zaidi, kwa sababu alama umeiondoa na sumu umeiacha."

"Mara tatu. Kwa sabuni."

"Hata mara thelathini."

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Mtaalamu alilichukua kopo la bluu rafuni, akalifungua, akachota mbegu kidogo kwa vidole.

"Miaka yote ghalani nimepokea mbegu za kila aina," alisema. "Tazameni." Akazitia mdomoni, akazitafuna.

Fundi alimpiga mkono, lakini alikuwa amechelewa. Kilichobaki kilidondoka sakafuni. "Tema," alimwambia. "Tema, wewe mtu." Mtaalamu alimeza, akafungua mdomo wazi kuwaonyesha, kama mtoto aliyemaliza dawa.

Nusu saa haikuisha. Alianza kutoka jasho kipajini. "Joto la leo," alisema. Kisha mate yakamjaa mdomoni. Kisha akashika tumbo, akatoka nje kutapika, akarudi uso umempauka.

Fundi alisahau hasira zake zote, akafungua kabati. "Maziwa," alisema. "Tumpe maziwa, yatapunguza sumu."

"Usimpe maziwa," Bibi Shamba alisema. "Wala mafuta, wala usimtie kidole kooni atapike zaidi. Hayo ndiyo makosa ya watu wengi. Asukutue mdomo kwa maji safi, ateme. Anawe mikono. Halafu tumpeleke kituo cha afya, sasa hivi. Na tuwapelekee pakiti yenyewe, waone ni sumu gani. Pakiti iko wapi?"

Mtaalamu alinyoosha kidole kuelekea chumbani. "Kwenye faili," alisema kwa unyonge. "Herufi M. Mbegu."

Fundi alilivuta faili. Pakiti ilikuwa humo, imenyooshwa vizuri, imetobolewa matundu mawili na kupangwa kwa tarehe. Tundu moja lilipita katikati ya picha ya fuvu la kichwa. Chini yake kulikuwa na maandishi makubwa: MBEGU HIZI ZIMETIWA SUMU. ZISILIWE NA WATU WALA MIFUGO.

"Umelitoboa fuvu," Fundi alisema. "Umelitoboa, ukalifaili, hukulisoma."

"Nilisoma uzito," Mtaalamu alisema. "Na tarehe. Na namba ya toleo."

"Na haya maneno mekundu?"

"Karani hasomi hayo." Akainama tena kutapika.

*

Kituo cha afya hakikuwa mbali. Tabibu aliisoma pakiti pande zote mbili, akaandika jina la sumu kwenye karatasi, akasema wamefanya vizuri kuileta, kwa maana hakuhitaji kubahatisha. Alimtundikia maji, akampa dawa, akaagiza apimwe mapigo ya moyo kila baada ya muda mfupi. Kisha akauliza, "Kuna mwingine aliyekula?"

"Hakuna," Fundi alisema. "Ila iliingia kwenye supu ya binti yetu. Ni mjamzito. Kijiko kilikuwa hapa." Alionyesha mdomo wake.

Tabibu aliiweka kalamu chini. "Mzee amekula chembe chache, tena ana mwili mkubwa, na hali yake mnaiona. Mjamzito aliyepungua uzito, bakuli zima, kila siku?" Hakumaliza. Akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Wakabaki wawili. Mtaalamu alilala akitazama dari. Fundi alikaa kwenye benchi, mkoba mapajani, amechoka mpaka kwenye mifupa.

"Mimi nimekukasirikia mambo madogo miaka yote," alisema mwishowe. "Mkasi. Vibandiko. Kuwafundisha wapishi kupika. Hili la leo hata sijui nianzie wapi. Jirani ana kazi hiyohiyo, yuko mlango wa pili, kakwambia umuulize. Ulikosa nini kumuuliza? Ungepungua kilo?"

Mtaalamu aliugeuza uso kutoka darini. "Nilitaka ale," alisema.

"Najua ulitaka ale."

"Nilitaka nimpe mimi. Kitu kutoka mkononi mwangu."

"Najua, baba watoto. Ndiyo maana nakasirika hivi. Ungekuwa mtu mbaya ningekuacha zamani, nikalala usingizi."

Macho ya Mtaalamu yalijaa machozi. Fundi alimfuta kwa ncha ya kanga, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Jioni tabibu aliwaruhusu kurudi nyumbani.

*

Kesho yake Mtaalamu aliketi uani na daftari. Uso ulikuwa bado mweupe, lakini nywele alikuwa amezichana. Bibi Shamba alipokuja kufuata gauni lake, Mtaalamu alisimama.

"Bibi Shamba," alisema. "Naomba kuuliza."

Fundi alikuwa dirishani kwenye mashine. Mguu wake uliacha kukanyaga. Katika ndoa yao yote hakuwahi kuyasikia maneno hayo.

"Uliza, mzee."

"Kwanza, hizi zilizobaki. Nizifanye nini?"

"Usiwape kuku. Usizichome moto, moshi wake nao ni sumu. Usizitupe mtaroni wala chooni. Zirudishe kwenye pakiti yake, uifunge, uiweke mbali na chakula mpaka uirudishe dukani au ofisi ya kilimo. Wao wanajua pa kuzipeleka. Na ile supu ifungeni vizuri, nitaichukua pamoja nazo. Mbwa asiiguse."

"Na kopo?"

"Lisitumike tena kwa chakula. Na kinu, Fundi, samahani. Mbao hunyonya. Hakifai tena."

Fundi alikitazama kinu chake. Kilikuwa kizuri, kizito, kimelainika kwa miaka ya kutwanga. Alimtazama mume wake.

"Na ndoo nilizopanda?" Mtaalamu aliuliza.

"Mwaga udongo na mbegu zake mbali na hapa, nitakuonyesha mahali, kisha uoshe ndoo na utie udongo mpya. Kotmiri huliwa changa, mwezi mmoja tu tangu kuota, sumu ya mbegu ikiwa bado haijaisha. Kwa jani la aina hii tafuta mbegu isiyotiwa dawa. Giligilani ya kupikia, mbichi, ambayo haijakaangwa, inatosha kabisa."

Mtaalamu aliacha kuandika. "Lakini hiyo ni giligilani. Mimi nataka kotmiri."

"Ni mmea mmoja, mzee. Mbegu yake tunaiita giligilani. Majani yake tunayaita kotmiri, na wengine huyaita dania. Kitu kimoja, matumizi mawili. Mbegu kavu unaikaanga kidogo, unaisaga, unaitia mapema chakula kikiwa motoni. Jani unalitia mwisho, sufuria ikishaepuliwa, maana moto mwingi huua harufu yake na vitamini zake. Hata mzizi ukiuosha unapikika kwenye supu."

"Nilijua," Mtaalamu alisema kwa mazoea. Kisha akaona mke wake anamtazama kupitia dirishani. Akakohoa. "Hapana. Sikujua."

"Wengi hawajui."

"Wanasema inatibu tumbo."

"Watu wengi huichemsha na kuinywa kwa ajili ya gesi, na wanasema wanapata nafuu. Kwenye chakula haina ubaya. Lakini ni kiungo, si daktari. Binti asiache vidonge vyake vya kliniki kwa sababu amekula kotmiri."

Halafu akamfundisha kupanda. Ile mbegu ya duara, alimweleza, ndani yake zimo mbegu mbili zimeshikana. Unaziviringisha taratibu kwa chupa mpaka zipasuke katikati, bila kuzisaga. Unaziloweka kwenye maji safi usiku mmoja. Unazifukia kina cha pingili moja ya kidole, palepale zitakapokaa mpaka mwisho.

"Usihamishe miche?"

"Usihamishe. Mzizi wake ni mmoja na unakwenda chini moja kwa moja. Ukiung'oa, mmea unaona umekufa, unakimbilia kutoa maua ili uache mbegu. Ndiyo ile iliyokushinda mara ya pili."

"Kumbe si udongo."

"Udongo wako ni mzuri sana. Na uweke ndoo mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Joto kali nalo huuharakisha kutoa maua. Maji kidogo kidogo, ndoo iwe na matundu chini. Wiki mbili zikipita panda ndoo nyingine, usipande zote siku moja. Hivyo Binti hatakosa majani."

Mtaalamu aliandika yote. Alipomaliza alimsomea Bibi Shamba, neno kwa neno, akauliza kama yuko sawa. Fundi alirudi kukanyaga mashine. Safari hii pindo lilikwenda moja kwa moja.

Ndoo ya kwanza ilichipua siku ya kumi. Mtaalamu aliwaamsha watu wote. Kwa muda huo wote Binti alikula supu ya giligilani ya sokoni, ambayo Fundi aliichambua punje kwa punje na kuitwanga kwenye kinu cha kuazima. Wiki ya tano walikata majani ya nje, wakaacha moyo wa mche uendelee kukua. Mtaalamu aliyaosha mwenyewe, akayakata, akayanyunyiza juu ya bakuli la binti yake.

"Yananukia mpaka huku," Binti alisema, akala.

Wiki ya saba Binti alipanda kwenye mizani ya kliniki. Mshale ulipanda. Muuguzi aliusoma, akamshusha, akampandisha tena kuhakikisha. "Kilo mbili na nusu," alisema. "Endeleeni hivyohivyo." Fundi alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, akalia kidogo mahali ambapo hakuna aliyemwona.

Wakirudi walipitia duka la pembejeo, kwa kuwa Mtaalamu alitaka ndoo ya tano. Mbele yao mezani kulikuwa na mwanamume amenunua pakiti kubwa ya mahindi ya kupanda, mekundu kama zile mbegu za giligilani.

"Hii inazidi shamba langu," yule mtu alimwambia muuzaji huku anacheka. "Lakini haitapotea. Zitakazobaki tutaziosha, tuwasagie watoto uji."

Fundi alimtazama mume wake. Alimjua. Sasa angepandisha mabega na kuanza: mimi nilikuwa karani, mimi najua, sikilizeni. Alijiandaa kumvuta shati.

Mtaalamu hakupandisha mabega. Alimsogelea yule mtu, akaongea taratibu.

"Ndugu yangu, usiwape. Haioshiki."

"Wewe umejuaje?"

Duka lilikuwa na watu. Mtaalamu aliwatazama, kisha akamtazama Binti, aliyekuwa amesimama mlangoni mikono juu ya tumbo lake.

"Niliziosha mara tatu, kwa sabuni," alisema. "Nikamwekea huyu binti yangu. Kijiko kilikuwa kimefika mdomoni. Onyo lilikuwa limeandikwa kwenye pakiti na mimi sikulisoma."

Hakuna aliyecheka. Yule mtu aliiweka pakiti mezani, akaigeuza upande wa pili, akaanza kuisoma.